Vipande vya papiri za Misri: wanajuaje kipi kinakaa na kipi?

MjukuuWaWete

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mie ni mwalimu wa historia skuli ya sekondari, kwetu Wete, Pemba. Mwezi uliopita tulifungua kasha la marehemu babu. Chini kabisa, ndani ya mkoba wa ukili, tukakuta karatasi zimekatikakatika. Khati ni za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili, kile cha wazee. Mchwa wamepita na maji ya mvua yamepita. Nilivitandaza juu ya jamvi nikahesabu vipande 83. Vyengine ukubwa wa kiganja, vyengine havifiki ukucha wa kidole gumba.

Usiku ule ule nikashika selotepu. Nikaunganisha vipande kama 10, na moyo ukafurahi kwa sababu maneno yalianza kusomeka. Kuna viwili ambavyo sentensi ilitoka safi kabisa: upande mmoja "akapanda chomboni", upande wa pili "hata Mombasa". Lakini mistari iliyo chini yake ikakataa. Ukiukubali wa juu, wa chini hauna maana yoyote. Hapo nikasita, nikaiweka selotepu.

Katika kutafuta msaada nikaangukia habari za papiri za Misri ya kale, zile karatasi za mafunjo zilizomo katika makumbusho, na nimekaa nazo wiki tatu sasa hata kusahihisha madaftari kumenichelewa. Nimesoma kuhusu orodha ya wafalme wa Misri iliyopo Turin, Italia, imevunjika vipande zaidi ya mia na moja, na watu wameipanga upya. Ninachouliza ni hiki: wanajuaje kipande kinakaa wapi, ikiwa maneno yenyewe hayapo? Na ikiwa nusu iko nchi moja na nusu iko nchi nyengine, nani anakuja kujua kuwa ni waraka mmoja? Na mtu aliye Pemba, asiye na nauli ya kwenda Ulaya, anaweza kujifunza kazi hii kweli kweli au atabaki msomaji tu?

Bi_Khati

Waalaykum salaam mwanangu. Umefanya vyema kusita. Usiishike tena hiyo selotepu, na vile 10 ulivyokwisha kuvibandika usivibandue. Gundi yake ikikaa huwa ya manjano, inaingia ndani ya karatasi, na ukivuta, inaondoka na wino. Viweke kama vilivyo, tutarudi huko.

Mie mzaliwa wa Mkoani, nimehamia Unguja kwa kuolewa. Nilikwenda Cairo kusoma Kiarabu, na huko ndiko mwalimu mmoja aliponivuta katika papiri. Baadaye nikapata miezi mitatu ya kusoma vipande ndani ya ghala la makumbusho moja Ulaya. Nitakujibu kwa nilivyofundishwa kwa mikono, maana kazi hii ni ya mikono na macho kabla ya kuwa ya lugha.

Siku ya kwanza niliwekewa kioo kimoja mbele yangu. Papiri huhifadhiwa kati ya vioo viwili ili zisishikwe na vidole. Ndani mlikuwa na kipande cha upana wa vidole vitatu, maandishi ya hieratiki, yale ya mkono wa haraka ambayo makarani wa Misri waliandika badala ya kuchora hieroglifi, zile alama za picha. Nikainama kusoma. Mwalimu wangu akakigeuza kioo, akaniambia: kwanza nieleze mgongo wake. Nikamwambia mgongo hauna maandishi. Akasema, sikukuuliza maandishi.

Ile ilikuwa saa nzima ya kutazama kitu kitupu, na sijapata somo lililonifaa zaidi ya lile.

Papiri inatokana na mafunjo, mmea ule ule unaouona kwenye vinamasi vya bara. Kiini cha shina hukatwa vipande vyembamba virefu, vikalazwa ubavu kwa ubavu, kisha tabaka la pili likalazwa juu yake kwa kukatisha, vikapondwa na kukaushwa pamoja. Usifikirie mkeka, ukindu wa mkeka unapishana juu na chini, lakini mafunjo hayasukwi, ni tabaka juu ya tabaka. Kwa hivyo upande mmoja nyuzi zinakwenda mlalo, upande wa pili zinasimama wima. Na hakuna nyuzi mbili zinazofanana: huu mnene, huu una doa jeusi, ule unapinda kidogo karibu na mwisho. Kipande kikivunjika, uzi ulioanza huku lazima uendelee kule. Ukiweka vipande viwili juu ya meza ya kioo yenye taa chini, ukaona nyuzi nne tano zinavuka ufa kwa mpango ule ule, mbele na nyuma, hapo una hoja. Zisipovuka, hata kama maneno yanakwenda kama wimbo, huna kitu.

Yalinipata hayo. Wiki ya pili nilikuta vipande viwili ambavyo sentensi yake ilikamilika vizuri mno, nikakimbia kumwita mwalimu. Akawasha taa ya chini. Nyuzi za kipande cha kulia zilikuwa nene na za mbali mbali, za kushoto nyembamba na zimesongamana. Waraka mbili tofauti. Karani mmoja pengine, maana mkono ulifanana, lakini waraka mbili. Ndiyo maana nilipoisoma "akapanda chomboni hata Mombasa" yako nilishtuka. Maana nzuri ndiyo shahidi mwepesi kuliko wote, kwa sababu tunamtaka aseme.

Mashahidi wengine wapo. Gombo liliungwa kwa kugandisha karatasi kadhaa mwisho kwa mwisho, na pale penye maungio unene unazidi. Ukilikuta ungio katika kipande umeshapata alama ya kupimia. Tundu za wadudu nazo zinasema. Mdudu akitoboa gombo lililokunjwa, tundu lile lile linajirudia kila mzunguko, na masafa baina yake yanapungua kadiri unavyokwenda ndani ya gombo, kwa sababu mzunguko wa ndani ni mdogo. Kwa hiyo kipande kisicho na hata herufi moja kinaweza kukuambia kilikaa nje au ndani.

Sasa hiyo orodha ya Turin. Iliandikwa zama za Ramesses wa Pili, na ilifika Italia pamoja na mkusanyo wa Drovetti, aliyekuwa konseli wa Ufaransa huko Misri. Mfalme wa Sardinia aliununua mwaka 1824. Champollion, aliyekuwa amevumbua usomaji wa hieroglifi miaka miwili tu kabla, alifika Turin mwaka ule ule akayakuta majina ya wafalme katika meza iliyojaa vipande. Baada yake Gustav Seyffarth, ambaye hieratiki hakuweza kuisoma, alivipanga kwa kufuata nyuzi, na bado pengi hapakukaa sawa. Miaka ya 1930 Hugo Ibscher, fundi wa papiri kutoka Berlin, akazitazama nyuzi tena akavipanga upya, na sura ya orodha ikabadilika.

Na hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu panakuhusu. Orodha ile ya wafalme iko mgongoni. Upande wa kwanza wa papiri ile ni daftari la kodi. Karani alichukua waraka uliokwisha kazi yake ya serikali, akaugeuza, akaandika wafalme nyuma. Kwa hiyo kila kipande kina mashahidi wa pande mbili: kikae mahali ambapo mfalme anakubali na hesabu ya kodi nayo inakubali. Je, wewe umegeuza vipande vya babu yako?

Kuna jambo jengine ndani ya orodha hiyo ambalo kila nikilifundisha nanyamaza kidogo. Mahali pengine badala ya jina la mfalme pameandikwa neno fupi, na msomi Kim Ryholt wa Copenhagen analifafanua kuwa ni alama ya pengo: karani yule alikuwa ananakili kutoka waraka uliokwisha kuharibika, akafika palipochanika, akaandika kuwa hapa pamechanika. Hakubuni jina. Zaidi ya miaka 3200 iliyopita. Wasomi wa papiri wa leo wana mabano ya mraba ya kuonyesha kilichopotea na nukta chini ya herufi isiyo na yakini, utaratibu waliokubaliana Leiden mwaka 1931, lakini adabu yenyewe yule karani alikuwa nayo.

Swali lako la nusu huku na nusu kule. Mfano ninaoupenda ni kesi ya wezi wa makaburi, mwaka wa 16 wa Ramesses wa Tisa. Sehemu ya chini ya waraka ilikuwa imeshajulikana muda mrefu, ilikuwa mali ya Lord Amherst huko Uingereza na baadaye ikaenda New York. Juu hapajulikani. Mwaka 1935 Jean Capart, wa makumbusho ya Brussels, akakuta papiri zimefichwa ndani ya sanamu ya mbao iliyokuwa ya mfalme Leopold. Walipoweka picha pamoja, ikawa ndiyo nusu ya juu. Ndani yake mwashi mmoja anakiri mbele ya mahakama jinsi yeye na wenzake walivyolivunja kaburi la mfalme Sobekemsaf, wakachukua dhahabu yake na ya malkia, wakayachoma majeneza. Leo nusu moja iko Brussels na nusu New York, zimekutana kwa picha tu. Na mwaka 2012 John Taylor wa British Museum alikwenda Brisbane, Australia, akatambua katika ghala la pale vipande kama mia vya Kitabu cha Wafu, maandiko aliyozikwa nayo maiti, cha mjenzi mkuu Amenhotep, ambacho vipande vyake vyengine viko London na Boston. Anayejua ni yule aliyebeba kichwani mkono wa karani na rangi ya papiri kutoka mji hadi mji. Hakuna njia ya mkato.

La kujifunza ukiwa Pemba nitalijibu kesho, nina wageni.

Darajani_Mtu

Bi Khati nakuheshimu, lakini mie inaniuma. Konseli kachukua, mfalme kanunua, sanamu iko Brussels. Watu wa Misri wenyewe wasome picha? Na sisi hapa khati zetu ngapi zimekwenda hivo hivo?

Bi_Khati

Inaniuma na mie, wala sitakwambia isikuume. Konseli wa zama zile alikuwa na nguvu ya kuchimba na kusafirisha, na aliyekuwa akichimbia ni mkulima wa Misri. Vipande vingi havina hata jina la mahali vilipotoka kwa sababu mchimbaji na muuzaji hawakuandika, na hasara hiyo hairudi hata waraka wenyewe ukirudi.

Lakini tazama na upande huu. Papiri zenye maandishi za kale kuliko zote tunazozijua zilichimbuliwa mwaka 2013 Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Shamu, na timu ya Pierre Tallet, na zimebaki Cairo. Mamia ya vipande. Zilizo bora ni daftari la safari la mkuu wa timu aitwaye Merer, wakati wa mfalme Khufu, miaka zaidi ya 4500 nyuma. Kila siku ina safu yake: leo tumepakia mawe katika machimbo ya Tura, leo tumesafiri nayo mpaka kwenye piramidi la Khufu, usiku tumelala mahali fulani, kesho tunarudi mtupu.

Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Mkoani na Unguja, Mkoani na Tanga. Alikuwa na daftari namna hiyo hiyo: siku, mzigo, tulipolala. Niliposoma tafsiri ya Merer mara ya kwanza nililia, sioni haya kusema. Na Merer huyo naye amevunjika. Kuna siku ambazo mkono wa kulia wa safu upo na wa kushoto haupo, basi unajua aling'oa nanga lakini hujui alilala wapi.

Maalim_Kikwajuni

Assalaam alaykum. Nimefuatilia kwa raha. Mimi ni mwalimu wa chuo, si mtu wa makumbusho, lakini nina mawili.

La kwanza, tusidhani papiri ni jambo la mbali nasi. Neno letu karatasi limetoka katika Kiarabu, qirtas, na limo katika Suratul An'aam aya ya 7. Waarabu nao waliipokea kutoka kwa Wayunani, na kwa Wayunani neno hilo lilikuwa ni jani la papiri hasa. Kalamu vilevile: qalam, na kabla yake kalamos ya Kiyunani, yaani tete. Kila mtoto wa skuli akisema "karatasi na kalamu" anataja vifaa vya karani wa Misri ya Wayunani.

La pili, kombe. Wazee wetu wanaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, wanaikosha, mgonjwa anakunywa. Niliwahi kusoma hadithi ya Kimisri kutoka papiri iliyopo Cairo, ya demotiki, yaani khati ya Misri ya zama za mwisho, hadithi ya Setne: mtoto wa mfalme ananakili kitabu katika papiri mpya, anakiloweka katika bia, anakiyeyusha katika maji, anakunywa, na anayajua yote yaliyokuwamo. Sisemi letu limetoka huko, na dini zetu ni mbali mbali. Nasema tu kwamba nilipoisoma sikuhitaji kufafanuliwa.

Kwa huyu kijana wa Wete: kwa kuwa khati unazisoma, kwa nini usianzie papiri za Kiarabu? Misri iliendelea kuandikia papiri karne kadhaa baada ya Uislamu kuingia.

Bi_Khati

Maalim ametangulia kusema nililotaka kulisema, na amelisema vizuri.

Ndiyo mwanangu, anzia hapo. Hieratiki inataka miaka na mwalimu wa kukaa naye. Kiarabu unacho. Huko Vienna, katika maktaba ya taifa, imo hati ya mwaka 22 wa Hijra, sawa na 643, imeandikwa Kiyunani na Kiarabu pamoja: ni risiti ya kondoo 65 waliochukuliwa kwa ajili ya jeshi. Picha yake inapatikana. Ikae mbele yako, ufunike tafsiri, uisome herufi kwa herufi. Herufi nyingi hazina nukta, kwa hiyo ba na ta na tha utazitenganisha kwa akili, na ukishazoea hapo, khati za babu yako zitakuwa nyepesi. Munich wana hazina ya maandishi ya papiri za Kiarabu katika intaneti, bila malipo. Makumbusho ya Turin nayo yameweka papiri zake mtandaoni, mbele na nyuma. Chukua kipande kimoja tu, kimoja, ukieleze kwa maandishi ukurasa mzima bila kukisoma. Nitumie nikisahihishe.

Usinunue papiri yoyote mtandaoni, hata ndogo, hata kwa nia njema. Mwaka 2019 Egypt Exploration Society, chama cha Uingereza chenye mkusanyo mkubwa wa papiri za mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri, ulioko Oxford, walitangaza kuwa vipande vyao 13 vimeonekana katika makumbusho moja Marekani, vilitolewa kwao bila idhini. Ikiwa kwa wao yanatokea, muuzaji wa kwenye simu ndiye utamwamini?

Sasa ya nyumbani. Piga picha kila kipande pande zote mbili, na rula pembeni. Kisha chukua tochi ya simu uimulike kwa ubavu, karibu na meza, mikunjo yote itasimama. Inua kipande juu ya kioo cha dirisha: karatasi za kiwandani zina mistari yake ya ndani na nyengine zina alama ya maji, hizo ndizo nyuzi zako. Tazama wino. Wino wa masizi ni ule ule wa kaboni walioutumia Wamisri, na chini ya kamera ya infraredi unabaki mweusi hata pale jicho halioni kitu; wino wa chuma hufifia. Kamera hiyo hunayo, lakini ziandike rangi unazoziona. Vile 10 vyenye selotepu vitie bahasha ya peke yake na siku ukija Unguja uvilete Nyaraka za Taifa, Kilimani, uwaombe wavitazame.

Na geuza. Hujanijibu kama umegeuza.

MjukuuWaWete

Bi Khati, Maalim, ahsanteni sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafanya.

Nimegeuza. Nilikuwa sijageuza hata kimoja, nilidhani nyuma ni uchafu wa wino uliopenya. Vipande 31 vina maandishi nyuma, mkono mwengine, wino mwengine uliokaribia rangi ya kahawa. Ni hesabu ya karafuu. Majina ya wachumaji, na mbele ya kila jina pishi, siku kwa siku, na chini ya safu jumla. Bibi yangu ana miaka themanini na ushei. Nilipomsomea majina mawili akayajua, mmoja alikuwa jirani yao Ole.

Basi nikafanya kama ulivyosema kodi na wafalme. Nikaacha mbele kabisa, nikapanga kwa nyuma. Jumla inasaidia: ukiweka kipande pasipo pake, hesabu haitimii. Kwa siku nne nimepata safu mbili zilizokamilika na moja yenye tundu katikati, na nilipozigeuza kwa pamoja juu ya kioo, mbele ikatoka beti tano za utenzi, mfululizo. Sikuzigusa kwa gundi. Zimo kati ya vioo viwili vya dirisha la zamani nilivyovikosha, ncha zimefungwa kwa kitambaa.

Ile "akapanda chomboni hata Mombasa" si kweli. "Akapanda chomboni" nyuma yake kuna pishi. "Hata Mombasa" nyuma ni tupu, na karatasi yake ina mistari ya buluu ya daftari la skuli. Nimeziandikia pengo pande zote mbili.

Kimebaki kimoja kinachonisumbua. Ni kidogo kama punje ya hindi mbili tatu, kina neno "akamwambia" na mwanzo wa herufi ambayo ama ni fa au qaf. Nyuma hakuna kitu. Alama za ndani ya karatasi hazifanani na za kipande chengine chochote. Nimekitia bahasha yake.

Bi_Khati

Fa ina nukta moja, qaf mbili, lakini hati za wazee wengine nukta zinakwenda upande. Usiamue. Andika "fa au qaf", na kiandikie namba kwa penseli, juu ya bahasha, si juu ya kipande.